Hakukuwa na Winga

Stela mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali, lakini yako naijua. Hata saa moja haijapita tangu utoke hapa na baba yako kwenda Crescent Town kumuaga mama Furaha, na umetoka umekula sahani mbili za wali wangu. Najua mtachelewa. Mama Furaha hamruhusu mgeni aondoke mikono mitupu, na hata ukimwambia una ndege kesho asubuhi atakufungia sombe, kile kisamvu chao, ya kula huko angani. Kwa hiyo nina nyumba peke yangu, nina kalamu, na nina masanduku yako mawili ambayo nimeshajikwaa nayo mara tatu.

Sitakuandikia mambo ya soksi. Wala ya maji ya kunywa, wala ya kupiga simu ukifika, wala ya wavulana wa Guayaquil unakokwenda, ambao baba yako amekusomea habari zao zote kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Hayo nimeshayasema kwa mdomo, ukanijibu "sawa mama" huku unaangalia simu. Barua hii ni ya jambo moja. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu unakielewa vizuri kuliko unavyojifanya, na kwa sababu ukikisoma unasoma taratibu. Nataka uisome taratibu. Nimeitia kwenye mfuko wa njumu zako maana mfuko huo huwezi kumkabidhi mtu wa uwanja wa ndege; utaupakata njia nzima.

Maisha ya mpira ya baba yako unayajua. Ukiwa mdogo ulimsumbua jioni baada ya jioni ayarudie, na akiruka kitu ulimrudisha nyuma. Niruhusu niyapitie mimi mara moja, kwa upande wangu, ili uone yalikuwa na ukubwa gani kabla sijakuambia yalivyoisha.

Alizaliwa Esmeraldas, mji wa pwani kaskazini ya Peru, mtoto wa tano kati ya saba, mama yake akiuza samaki wa nazi sokoni. Mimi nilipoambiwa kwamba upande ule wa dunia kuna watu weusi kama sisi wanaopika samaki kwa nazi, sikuamini mpaka bibi yako Estela alipokuja hapa Toronto akalitwaa jiko langu kwa wiki sita. Baba yako alipokuwa na miaka kumi na minne, msaka vipaji alimpandisha basi kwenda Guayaquil. Walilala chini ya jukwaa la uwanja, wavulana ishirini chumba kimoja, na siku za mechi mashabiki walipokanyagakanyaga huko juu, vumbi la saruji liliwadondokea kwenye chakula. Wewe amekuambia walicheka. Mimi aliniambia kwamba alilia miezi miwili, akijifunika shuka mdomoni ili wenzake wasimsikie.

Akiwa na miaka kumi na minane akaingizwa timu ya wakubwa, beki wa kulia, kwa sababu beki mwenyewe alikuwa na homa. Maskini yule bwana alipona akakuta nafasi imekwenda. Baada ya hapo Bolivia, kule milimani ambako timu ngeni zinatapika kwa kukosa pumzi, na yeye alitapika mwezi wake wote wa kwanza. Kisha Peru, kwenye timu iliyoshuka daraja huku yeye akichaguliwa mchezaji wao bora, jambo ambalo anasema ni sawa na kusifiwa suti yako msibani. Mara moja aliitwa timu ya taifa. Alipasha misuli moto kando ya uwanja kipindi cha pili kizima, na kocha hakumwingiza. Bibi yako alikuwa amekusanya mtaa mzima mbele ya televisheni. Mpaka leo watu wa mtaa ule watakuambia walimwona akiichezea nchi, na wewe ukifika usiwasahihishe.

Alikuja Toronto akiwa na miaka ishirini na tisa, kwenye timu ndogo ambayo siku hizi haipo tena. Mimi nilikuwa mchua misuli wa timu ile. Nilikuwa naishi St. James Town, mchana nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, jioni nakwenda uwanjani na chupa zangu za mafuta. Siku ya kwanza nilipomwona nilimwamkia, "Habari za leo, kaka," nikidhani ni mtu wa Tanga au Mombasa. Alinitazama tu. Kisha akapanda kwenye meza, akalala kifudifudi, na akasinzia kabla sijamaliza mguu wa kwanza. Ndivyo tulivyojuana, mimi namfahamu kila msuli na sijui hata jina la mama yake.

Hadithi ya goti lake unaijua hivi: kulikuwa na mechi ya Jumamosi, kulikuwa na winga mwenye nywele nyekundu, na winga huyo alimpitia baba yako kwa miguu miwili akamvunja. Ulikuwa na miaka sita ulipoweka kidole kwenye kovu lake ukauliza. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Baba yako alinitazama juu ya kichwa chako, kisha akamtengeneza winga huyo papo hapo, nywele na kila kitu. Wewe ulimchukia kwa moyo wako wote. Shuleni ulimpiga teke mtoto wa watu kwa sababu tu alikuwa na nywele nyekundu, na mwalimu akaniita, nami nikakaa pale ofisini nikiomba radhi kwa kosa lako wakati la kwangu lilikuwa limelala miaka yote hiyo.

Mwanangu, hakukuwa na winga. Baba yako alikuwa peke yake na mpira. Aligeuka, na goti likabaki lilikokuwa. Nilikuwa benchi, na nilijua limekatika kabla hajafika chini, kwa sababu siku mbili kabla nilikuwa nimelishika.

Hapa lazima nikurudishe Muheza kidogo, kwa bibi yako mwingine, usiyemkuta. Mama yangu alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua, aliitwa kumkanda kwa maji ya moto siku arobaini, tumbo, mgongo, nyonga, na mimi nikiwa na miaka tisa nilimbebea ndoo na vitambaa. Mkandaji anaona kila kitu. Anajua nani amepigwa na mumewe, nani mtoto huyu si wa kwanza kama alivyowaambia wakwe, nani analia hana sababu. Na mama yangu hakusema kitu, kamwe. Tukitoka mlangoni wanawake wa jirani walimsimamisha, "Vipi, mama Flora, anaendeleaje huyo?" Naye aliwajibu, "Anaendelea," akapita. Alinifundisha hivyo hivyo: ukishika mwili wa mtu, mdomo wako si wako tena. Watu walimpa watoto wao wa kike kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mikono yake tu.

Mimi nilikuja na fundisho hilo Kanada. Nilijivunia. Wachezaji walinipenda kwa ajili yake, maana waliniambia mambo mezani ambayo hawakuwaambia wake zao.

Sasa pale timu kulikuwa na daftari. Kila jioni niliandika jina la mchezaji niliyemchua na kitu nilichokikuta. Ijumaa daktari wa timu alikuja, akalisoma, na aliyemtilia shaka hakucheza Jumamosi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu hasa. Kuchua ilikuwa nusu yake.

Alhamisi ile nililishika goti la kulia la baba yako likawa na joto, na ndani kulikuwa na maji, na nilipolisogeza kidogo pembeni lilikwenda mahali ambapo goti halitakiwi kwenda. Yeye alikuwa anatazama dari. Akasema kwa Kiingereza chake cha wakati ule, ambacho kilikuwa maneno kama thelathini, "Usiandike, Flora." Jumamosi kulikuwa na mtu anakuja kumtazama, kocha wa timu kubwa ya Marekani. Mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa na miaka thelathini kasoro mwezi, na kwa beki mtu akifika hapo simu zinaacha kulia. Hakunibembeleza sana. Alisema mara moja, akaendelea kutazama dari.

Nikamwambia, "Haya." Kwenye daftari nikaandika: uchovu wa misuli.

Nimekuwa na miaka ishirini na miwili ya kujiuliza kwa nini. Miaka mingi nilijijibu kwamba nilikuwa binti wa mama yangu, kwamba nilitunza siri kama nilivyofundishwa. Jibu hilo lilinifaa sana. Lilinifanya nionekane mtu wa maadili hata mbele ya kioo changu mwenyewe. Kisha ulipozaliwa wewe, mama yako mkubwa, dada yangu, alinipigia simu kunipa pole na pongezi, akaanza kukumbuka mambo ya mama, akanikumbusha siku moja ambayo nilikuwepo na nilikuwa nimeisahau kabisa. Kulikuwa na mzazi mmoja, siku ya tano, mama alimshika tumbo akakuta ni la moto, akanusa kitambaa, akakinusa tena. Mwanamke alimwomba asiseme, kwa sababu wakwe walimwona mvivu na angeonekana anatafuta visingizio. Mama yangu aliacha ndoo palepale. Alitoka bila viatu, akaenda moja kwa moja zahanati akamwambia muuguzi kila kitu, halafu akarudi akawaambia na wakwe. Mwanamke yule alipona. Hakumwita tena mama kumkanda, alikasirika mno, na mtoto wake wa pili alikandwa na mtu mwingine.

Nilikuwepo, Stela. Nilibeba ile ndoo kurudi nyumbani. Nilikumbuka kunyamaza kote kwa mama yangu nikaisahau siku aliyosema, kwa sababu kunyamaza ndiko kulikonifaa. Mama alinyamaza kumlinda mtu na midomo ya watu. Mimi nilinyamaza ili baba yako anipende. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo hata sasa, lakini ndiyo kweli, na wewe si mtoto tena.

Na alinipenda, hilo ndilo linalonichanganya. Walimpasua mara mbili. Timu ilimpa zawadi ya saa na kumtakia kila la heri. Yule kocha wa Marekani aliondoka kabla ya kipindi cha pili. Baba yako hakuwa na pa kwenda, nikamchukua kwangu ghorofa ya kumi na mbili, na lifti ikiharibika, ambayo iliharibika kila wiki, alishuka ngazi zote kwa makalio, goti limenyooka mbele, akiwaamkia watu njiani kama waziri kwenye ziara. Nilicheka na yeye alicheka. Halafu nilikwenda chooni nikafungua maji ili asinisikie. Hakuwahi kulitaja daftari, hata tulipogombana, na unajua sisi tukigombana jirani wa chini anazima redio ili asikie vizuri. Nilidhani kutolitaja kwake ni kunishukuru. Nilidhani tumekubaliana kwamba nilimfanyia wema na bahati ndiyo iliyomgeuka.

Usimwonee huruma baba yako. Mtu wa Esmeraldas kuishia kuendesha mashine ya kulainisha uwanja wa barafu wa watoto wa hoki ni kichekesho, na yeye ndiye wa kwanza kukicheka, lakini barafu yake anaipenda kwelikweli. Na amekulea wewe uwanjani pale nyuma ya ghorofa zetu za Flemingdon, kwenye mvua na kwenye matope, mpaka ukawa beki bora kuliko yeye. Anasema hivyo mwenyewe, ukiwa haupo. Lakini kuna Jumamosi chache kwa mwaka ambazo anatazama mechi kwenye televisheni na sauti ameizima, mkono juu ya goti la kulia, na ukimwita haitiki mara ya kwanza. Wewe umezoea kufikiri anamkumbuka yule winga.

Sasa tuje kwako.

Siku kumi zilizopita, baada ya mechi yako ya mwisho na timu ya hapa, ulilala kwenye kochi ukaniwekea miguu mapajani kama ulivyofanya tangu utotoni. Nilifika goti la kushoto. Uliona uso wangu kabla sijasema kitu, kwa sababu umenisoma miaka kumi na tisa.

"Usimwambie baba, mama. Please. Niko fine," ulisema. "Vipimo vya Guayaquil si Alhamisi hii, ni ile inayofuata, itakuwa imeshuka."

"Na isiposhuka?"

"Nitafunga bandeji vizuri. Mama, wanachukua wachezaji wawili tu kutoka nje. Wawili. Nikichelewa wanamwita mwingine."

Uliongea Kiswahili, tena sentensi nzima nzima, kitu ambacho hukunifanyia hata siku ya kipaimara chako. Ndipo nilipojua unaogopa kiasi gani. Na mimi nikakuambia, "Haya."

Neno lilelile, kwa sauti ileile. Nilijisikia likitoka. Tangu siku hiyo nimekupikia, nimekufulia, nimekukunjia jezi, na kila nikikuona unashuka ngazi mguu mmoja mmoja kama bibi mzee, ukiharakisha ukijua natazama, nimekuwa siko sawa. Najua kwa nini uliniomba. Sikulaumu hata kidogo, tena ningekuwa wewe ningeomba hivyohivyo. Umeitaka timu hii tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja, na Guayaquil ni mji wa ujana wa baba yako, na jukwaa ni lilelile alilolala chini yake. Mtu haombi kitu kama hicho kisogezwe kwa ajili ya maji kidogo kwenye goti. Baba yako naye aliona ni maji kidogo.

Leo asubuhi ulipokwenda kukata nywele, nilipanda basi la Don Mills nikaenda kwenye barafu ya baba yako. Nilimsubiri nyuma ya kioo, kwa sababu ile mashine haisimamishwi katikati. Aliniona, akajua si jambo la kawaida, na bado ilibidi azunguke mpaka amalize, taratibu, ananitazama kila akipita upande wangu. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa uangalifu hivyo huku anaogopa.

"Kuna nini nyumbani?" aliniuliza akiteremka.

"Stela ana maji kwenye goti la kushoto. Nililishika siku kumi zilizopita. Aliniomba nisikuambie."

"Ukasemaje?"

"Nikasema haya."

Akavua glavu. Akakaa kwenye lile benchi fupi ambalo watoto hufungia viatu vyao, mguu wa kulia ameunyoosha. "Na leo umeniambia," akasema.

"Kwa sababu ile mara ya kwanza nilinyamaza."

Miaka ishirini na miwili, Stela, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kutamkwa kati yetu. Watoto walianza kuingia na fimbo zao. Nilitaka aniambie basi, yamepita, twende tukanywe chai. Badala yake nikasikia mdomo wangu unauliza kitu ambacho sikuwahi kuthubutu: "Ungetaka niandike? Siku ile?"

Aliziweka glavu zake moja juu ya nyingine, kidole kwa kidole. Baba yako hajui kudanganya haraka. Yule winga alikuwa bahati tu.

"Ningekuchukia," alisema. "Ningekuchukia mwaka mzima, Flora. Nisingekusalimia." Akaliangalia goti lake. "Halafu ningeendelea kucheza."

Kumbe hakuwa akinishukuru. Alikuwa amenisamehe, peke yake, bila kunishirikisha, na mimi nilikuwa nimeishi ndani ya msamaha huo nikidhani ni shukrani. Nililia mbele ya watoto wa hoki. Akanipa glavu yake nijifutie, na ilikuwa inanuka mafuta ya mashine.

Kisha tukaingia kwenye kile chumba chake kidogo, akampigia daktari wa timu yako. Alizungumza Kihispania. Mimi nilikuwa nasubiri neno moja, rodilla, yaani goti, na nilipolisikia nikajua limeshatoka na halirudi. Daktari ni mwanamke, sauti yake ni ya mtu mwenye watoto. Hakutuahidi kitu. Alisema Alhamisi wataanza na goti la kushoto, watalipiga picha kabla ya karatasi yoyote kusainiwa. Inawezekana ni dogo ukasaini wiki hiyohiyo. Inawezekana wakutibu kwanza, miezi mitatu au minne, halafu wasaini. Inawezekana wamwite mwingine na wewe urudi nyumbani. Baba yako alimshukuru mara mbili, akakata simu, akakaa ameishika mkononi.

Kwa hiyo unapokwenda kule wanajua. Bandeji unaweza kuiacha kwenye begi. Hatukukuambia leo kwa sababu ungelala umekasirika na kesho ungetuaga kwa mkono mmoja, na mimi nilitaka nikukumbatie vizuri kabla hujanikasirikia. Hilo ni kosa langu jingine, nimelifanya kwa makusudi na silijutii.

Najua wapo watakaosema una miaka kumi na tisa na goti ni lako. Ni lako. Lakini uliliweka mikononi mwangu, na mimi nimeshawahi kushika goti moja nikaliacha liende.

Basi nichukie, mwanangu. Anza leo, safari ni ndefu, una nafasi ya kutosha. Nichukie kwenye meza ya daktari, nichukie wakikuweka kando wenzako wanafanya mazoezi, usinipigie simu, nikipiga usipokee. Nitampigia bibi Estela, yeye utampokelea, aniambie kama umekula. Nimejitayarisha kwa mwaka mzima, na ukitaka wa pili nitaumaliza pia. Halafu ucheze.

Mama yako,
Flora